Hicho kipunje cheupe cha kooni si usaha

Ukikohoa ikatoka punje nyeupe au ya manjano, ukaibonyeza ikanuka yai viza, hicho ni kijiwe cha tonsili. Tonsili, yale manundu mawili ya nyama nyuma ya koo, zina vishimo. Humo hukwama mabaki ya chakula, makamasi na seli zilizokufa, bakteria wakavila na kutoa gesi ya salfa. Madini ya chokaa yakiingia, mabaki hayo huwa magumu. Ndiyo maana unapiga mswaki asubuhi na jioni na harufu haiondoki.

Dawa ya kwanza iko jikoni: nusu kijiko cha chai cha chumvi, glasi moja ya maji vuguvugu. Inua kichwa, sukutua mpaka koo ligurume, sekunde 30, tema, rudia. Fanya kila baada ya kula, hasa halua na maziwa. Maji ya bahari ya Shela, hapa Lamu, hayahesabiki, jamani!

Kikionekana kwenye kioo na hakitoki, lowesha kijiti cha pamba, sukuma taratibu kutoka chini ya kijiwe kwenda juu. Ukihisi kutapika, acha. Njiti ya kiberiti, ukucha au pini, hapana: tonsili ina mishipa mingi, hutoka damu upesi, na kidonda huingia wadudu.

Watu wanaotafuna miraa hapa Lamu, vijiwe hivi vinaweza kuwarudia kwa sababu mdomo hukauka. Kunywa maji, na ukipiga mswaki usugue ulimi pia.

Tonsili moja ikivimba kuliko mwenzake, homa, damu, au kumeza kukiuma hadi sikioni, nenda hospitali. Kukata tonsili ni hatua ya mwisho kabisa.