Kuwasalimu Wenye Mji

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Wete, Pemba, akaolewa Mombasa, na mpaka leo halitaji jina la Popobawa baada ya magharibi. Husema tu "yule mwenye bawa". Nilipomwambia naenda Jumba la Mtwana kutazama magofu, aliuliza, "Wenda na nani?" Nikamjibu naenda peke yangu. Akavuta leso yake kichwani, akanyamaza.

Asubuhi nikapanda matatu ya Mtwapa. Daraja la Nyali, Kongowea, Bombolulu, Bamburi: yote yalinipita nikiwa bado kwenye baraza yetu ya Kibokoni, nikisikia aliyonisimulia usiku.

Mwaka 1995 alikuwa Pemba akimuuguza dada yake. Uvumi ulizuka huko kisiwani, ukavuka hadi Unguja. Popobawa, walisema, huja usiku, kivuli chake kama cha popo, huwaingilia watu wamelala, wake kwa waume, kisha humwamuru aliyepatwa awatangazie wenziwe, la sivyo atarudi. Watu wakatoa mikeka nje, wakakoka moto, wakalala pamoja mbele ya nyumba. "Kulala gani, mwanangu," bibi alisema. "Mtu akikohoa nyumba ya tatu, sote twaketi."

Ilikuwa miezi ya kuelekea uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi. Na kiumbe huyo, wazee wakikumbuka, alivuma kwanza Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Mapinduzi yenyewe. Siamini kwamba miaka hiyo imeangukiana hivi hivi. Watu walikuwa na hofu isiyosemeka, wakapata moja ya kusemeka. Lakini ilidai roho: mjini Unguja umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili, ukidai ndiye Popobawa. Bibi hulisimulia hilo mwisho, kwa sauti ya chini, na ndilo linaloniuma mimi kuliko bawa lolote.

Mtwapa nikachukua bodaboda. Kijana alipojua niendako akasema, "Dada, usikae mpaka jioni. Mji ule una laana, wenyewe waliondoka wote wasirudi."

Wenyewe kweli hawapo. Kuta za matumbawe zimesimama bila paa, mibuyu imeota katikati ya vyumba, na msikiti ulio karibu kabisa na maji bado una birika la kutawadhia. Mji huu ulikaliwa karne ya 14, ukahamwa karne ya 15. Mwanaakiolojia James Kirkman ndiye aliyeufukua mwaka 1972. Wataalamu wanataja maji ya kunywa kupungua, biashara kuyumba, au uvamizi. Nilichungulia kisima kimoja kwa muda mrefu. Kisima kikikauka, mama mwenye watoto hasubiri laana. Anafunga mzigo.

Hapo nikaukumbuka mji wangu. Mreno Francisco de Almeida aliiteketeza Mombasa mwaka 1505. Mreno mwenzake, Nuno da Cunha, naye akaja akaichoma. Mwaka 1589 wakaingia Wazimba, wapiganaji kutoka kusini, wakaua watu. Mji umebeba vita mpaka kwenye jina, Mvita, na bado sijamsikia mtu akisema una laana. Kwa sababu tumo. Mahamri yanakaangwa alfajiri, watoto wanakwenda chuoni. Laana huvishwa mji usio na mtu wa kuukatalia.

Kuhusu popo, mlinzi wa magofu alinionyesha ua la mbuyu lililodondoka, jeupe, limeanza kugeuka kahawia. Maua hayo hufunguka usiku, na popo walao matunda ndio wanaobeba chavua yake kutoka mti hadi mti. Niliitazama ile mibuyu minene iliyokumbatia kuta. Kumbe wenye mabawa ndio waliobaki kuuhudumia mji huu, karne baada ya karne.

Saa kumi nikampigia bibi nimwambie niko salama.

"Umewasalimu?" akauliza.

"Nani, bibi?"

"Wenye mji. Umeingia majumbani mwa watu tangu asubuhi, hujawasalimu?"

Nilishindwa kujibu. Nikarudi kwenye msikiti wa pwani, kando yake lilipo kaburi lenye aya iliyochongwa jiweni, ile isemayo kila nafsi itaonja mauti. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Nikajifunika vizuri mtandio wangu, nikasema salamu tuliyofundishwa utotoni, ambayo siku zote nilikuwa nikiisoma mbiombio makaburini bila kusikiliza maneno yake: amani iwe juu yenu, enyi watu wa majumba haya.

Bibi alikuwa bado yuko kwenye simu. Akaitika amina.