Land Rover 88: kuamua kipi kikatike kwanza

Bodi imekamilika, sasa nimehamia chini ya gari. Kwa maoni yangu hapa ndipo gari lolote la porini lingepaswa kuanza kutengenezwa, maana rangi nzuri haivuki korongo. Gari ni Series III fupi (inchi 88 kati ya ekseli) yenye injini yake ileile ya petroli ya lita 2.25 na giaboksi yake ileile. Kilichobadilika ni matairi, kutoka 6.00-16 kwenda 7.50-16, na springi zilizonyanyuliwa kidogo. Njia zake ni mchanga wa makorongo ya kati ya Engaruka na Ngaresero, kaskazini mwa Tanzania, na udongo mweusi wa mbuga mvua zinapokolea.

Tairi la awali lilikuwa na kipenyo cha inchi 28 na ushei. La sasa linakaribia 32. Mtu anayelitazama gari anaona limesimama vizuri. Mimi nawaza hafushafti, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kuzungusha gurudumu, kwa sababu tairi likikua, mvutano uleule wa ardhi unaikaza shafti zaidi, na kwa vipimo hivi ongezeko linazidi asilimia 10 kabla sijagusa injini.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Gia ya kwanza ni 3.68, transfa (giaboksi ya pili ya kuchagua gia kubwa au ndogo) kwenye gia ndogo ni 2.35, difu (gia za ndani ya ekseli) ni 4.7. Ukizidisha unapata kama 40.7. Injini hii inatoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 163, kwa hiyo magurudumu yanaweza kudaiwa zaidi ya Nm 6,600, ukiacha kinacholiwa na msuguano. Hafushafti moja, yenye meno kumi kwenye ncha inayoingia kwenye difu, haiwezi kubeba mzigo huo peke yake. Inapona kwa sababu tairi huteleza kabla mzigo haujafika huko. Hatari halisi ni ile sekunde gurudumu linazunguka hewani kwa kasi, kisha linadondokea jiwe na kushika ghafla. Hapo kila kitu kilichokuwa kinazunguka, kuanzia injini hadi tairi lenyewe, kinataka kusimama kupitia chuma kimoja chembamba.

Ndiyo maana nimekataa kubadilisha difu ziwe za 3.54, ingawa marafiki wengi wamefanya hivyo ili gari likimbie kwenye lami. Gia ya kwanza ndogo ingeshuka kutoka 40.7 hadi kama 30.6, na dereva angelazimika kuchezea klachi na kukanyaga mafuta kila anapofika kwenye mawe. Nataka gari litambae injini ikiwa inanguruma polepole. Tena kwenye Series, ukiweka gia ndogo magurudumu manne yote yanaingia kazini; mzigo unagawanyika badala ya kuuangushia ekseli ya nyuma peke yake.

Wiki hii nimetoa hafushafti zote mbili za nyuma. Raha ya ekseli hii ni kwamba uzito wa gari unabebwa na beringi za habu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Unafungua boliti sita, unaivuta, na gari bado limesimama kwenye magurudumu yake. Nimezisafisha kwa mafuta ya taa nikazipeleka juani kuangalia meno. Yakiwa yamenyooka sambamba na shafti, ni nzima. Yakianza kujipinda, hata kidogo, chuma kimeshapita mahali pa kurudi, na kukatika ni suala la muda. Ya kulia ilikuwa safi. Ya kushoto ilikuwa na mpindo unaoonekana ukiweka rula, nikaitoa kazini. Zote zilizorudi nimezichora mstari mmoja mwembamba wa rangi nyeupe kutoka mwisho hadi mwisho. Nikizitoa tena mstari ukiwa umezunguka, nitajua bila kubishana na mtu.

Fundi wa mashine ya kuchonga alinishauri tutengeneze nene zaidi. Ushauri una msingi: uimara wa shafti dhidi ya kupindwa hufuata kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tatu (kipenyo × kipenyo × kipenyo), hivyo kuongeza asilimia 10 ya unene kunakuongezea kama asilimia 33 ya nguvu. Lakini tundu la gia za difu halikui pamoja na shafti, na penye meno ndipo inapokatikia. Kuna njia nyingine ambayo watu wengi huishangaa: kupunguza unene wa sehemu ya katikati hadi chini kidogo ya mashina ya meno. Shafti nzima inajipinda kidogo na kurudi, mshtuko unasambaa kwenye urefu wote badala ya kukusanyika pale meno yanapoanzia. Ndiyo sababu pia shafti ndefu ya kushoto huvumilia mshtuko kuliko fupi ya kulia.

Hata hivyo sitaki shafti isiyokatika kabisa. Hili ndilo nimelifikiria kuliko yote. Ukiimarisha shafti, kitakachofuata ni meno ya pinioni, gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu, na baada ya hapo giaboksi, na giaboksi huibadilishi chini ya mgunga. Hafushafti ya nyuma nimeiacha iwe fyuzi ya gari. Nabeba mbili za akiba, ya kulia na ya kushoto kwa kuwa urefu haulingani, pamoja na nondo ndefu ya kusukumia kipande kinachobaki ndani ya difu. Na kama akiba zimekwisha, unatoa shafti iliyokatika, unaziba habu mchanga usiingie, unabonyeza kinobu cha njano, unarudi nyumbani kwa ekseli ya mbele. Kwa sababu hiyohiyo difu loki ya nyuma, kifaa cha kufunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, itasubiri: ikiwekwa, gurudumu moja lenye mshiko linaweza kubeba mzigo uliokuwa wa mawili.

Wanaofuatilia Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989, wanajua kuwa mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, wala si mwenye mbio. Magari yale nayatazama sana kwa ajili ya jambo hilo.

Kilichobaki ni propela, shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi difu. Springi zilipopanda, pua ya difu ilibadilisha mwelekeo, na krosi (viungo vya propela vinavyojikunja) za pande mbili hazifanyi kazi kwa pembe sawa tena. Nimeshahakikisha nira za propela, zile zinazoshika krosi, zimekaa kwenye mstari mmoja. Sasa nachonga kabari za chuma za kuweka kati ya springi na ekseli. Baada ya hapo nitapima pleyi (ulegevu) yote kutoka klachi hadi tairi, kwa chaki kwenye flenji ya pinioni, na namba nitaziandika hapa.