Pembetatu ya Nanyuki

Muhula wa pili wa mwaka 2000 nilikuwa kidato cha tatu mjini Nanyuki, palepale Ikweta inapopita na watalii wanapopigia picha kibao chake. Mwalimu wa fizikia aliingia na tufe la jiografia kwapani na uzi wa kushonea mkononi. Salamu hakutoa. Aliuvuta uzi kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Nanyuki, akaufuatisha Ikweta kuelekea magharibi hadi karibu na Macapá, Brazili, kisha akaurudisha Nchani.

"Jumlisheni pembe."

Nanyuki nyuzi 90, Macapá nyuzi 90, na kule juu 90 kasoro kidogo. Karibu 270! Tangu shule ya msingi tuliimbishwa 180. Darasa likachafuka.

Tulipotulia akasema kuna watu wamepima pembetatu ya ulimwengu mzima. Puto lao, BOOMERanG, lilirushwa Antaktika mwishoni mwa 1998, likabeba darubini zaidi ya kilomita 35 juu, kupima mnururisho, yaani mwanga wa kale sana, uliosafiri tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi.

Mimi kwa ubishi wangu nikadakia, "Mwalimu, huko juu uzi waliufunga wapi?"

Swali lilimfurahisha kuliko nilivyotaka. Uzi ni mwanga wenyewe, akasema. Mnururisho ule una mabaka, mengine yana joto zaidi kidogo, mengine pungufu. Miali miwili inayotoka kingo mbili za baka hadi kwetu ni pande mbili. Baka lenyewe ni upande wa tatu. Ukubwa wake unajulikana kwa hesabu, kwa sababu mabaka hayo yalitokana na mawimbi ya sauti katika gesi ile ya moto, na kasi yake na muda yaliosafiri vinakokotoleka. Ulimwengu ukiwa bapa, yaani pembe zikijumlika 180, baka litaonekana na upana wa nyuzi 1 hivi. Ukijipinda kama tufe, litaonekana kubwa zaidi. Ukijipinda kinyume, dogo zaidi.

Puto liliona nyuzi 1 hivi.

Niliudhika kweli. Nilitaka msafiri anyooshe njia mpaka atokee nyuma ya nyumba yao.

Msichana mmoja akauliza, "Sasa ukingo uko wapi?"

"Nani kasema kuna ukingo? Bapa ni habari ya pembe tu. Unaweza kuendelea bila mwisho." Kengele ikalia, akaondoka na tufe la watu.

Mwaka 2018 vipimo vya mwisho vya Planck, chombo cha angani kilichopima mnururisho uleule, vikiunganishwa na vipimo vya galaksi, vilionyesha kwamba mpindo, kama upo, haufiki hata asilimia 1. Mimi bado naishabikia hiyo sehemu iliyobaki.