Siku nzima kwa ajili ya "ma-"

Saa kumi na mbili asubuhi. Mezani kuna vitabu viwili vya tamthilia moja: The Merchant of Venice ya Shakespeare, na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Insha ya somo la Fasihi ya Dunia inatakiwa saa sita usiku wa leo. Mama mdogo hupenda kusema, "Kumbe kazi yako ni kusoma hadithi tu." Haya, karibu tusome hadithi.

Saa moja hadi saa nne: kusoma, kupigia mistari, kunakili nukuu na namba za kurasa.

Saa nne nina hoja kuu, najiona msomi. Nyerere hakutafsiri jina, alilihukumu! Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kumwita mtu bepari hakukuwa kumsifu. Aya tatu zinashuka bila mimi kuinua kichwa.

Saa sita nafungua kamusi, kuhakikisha tu. Hapo ndipo siku inapoharibika. Bepari limetoka India, na huko vyapari ni mfanyabiashara, basi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema Nyerere alitafsiri neno kwa neno, na kelele zote ni zangu. Hoja pinzani kama hiyo haifichiki. Mhadhiri wetu huinusa kwa mbali, kisha huandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Insha iliyopita niliipata "kwa hiyo" mara tano.

Nafuta aya ya kwanza. Nairudisha. Naifuta tena. Naingia kwenye majarida ya mtandaoni; makala ninayoitaka inanionyesha ukurasa mmoja, zilizobaki ni za kulipia. Nyingine naipata nzima, kumbe inahusu Juliasi Kaizari, tafsiri yake nyingine ya Shakespeare. Naisoma mpaka mwisho, kwa ukaidi tu. Mgongo unauma, macho yanawasha.

Sijui ilikuwa saa ngapi, ila giza lilishaingia, nilipoyatazama majalada mawili yamelala ubavu kwa ubavu. Merchant: mmoja. Mabepari: wengi. Tangu alfajiri nalipigia neno lile mistari, kiambishi sikukiona! Kwa Shakespeare mfanyabiashara wa kwenye jina ni Antonio. Shylock, Myahudi, ni mkopeshaji, hasimu wake. Portia, aliyejifanya mwanasheria, akiingia mahakamani anauliza yupi ni mfanyabiashara na yupi Myahudi. "Ma-" inamjibu: wote kapu moja, mkopaji na mkopeshaji. Hilo kamusi haihusiki nalo. Wingi ule mtu aliuchagua.

Naandika upya. Nusu ya kazi ya asubuhi inakwenda na maji, pamoja na sentensi niliyoipenda kuliko zote. Halafu marejeleo: nukta, koma, italiki, jina la mfasiri. Nukuu moja haina ukurasa, napekua tamthilia nzima kuitafuta.

Saa tano na dakika 52 natuma.

Jioni mama mdogo alikuwa amepiga simu kuuliza kama hadithi nimeimaliza. Nilimwambia nimefika herufi ya pili.