Kiti cha Van Gogh na macho ya Baba, Urambo

Jana kazini Mtanzania mwenzangu kaniuliza Jumapili nilikuwa wapi. Nikamjibu, National Gallery, jumba la sanaa la hapa London, pale Trafalgar Square. Akaguna: "Mtoto wa tumbaku wa Urambo, wewe na michoro ya Wazungu wapi na wapi?" Nimelala na neno hilo.

Limeniuma kwa sababu hata mimi niliamini hivyo miaka miwili mizima. Nilikuwa napita pale, naona ngazi na nguzo, najua ndani ni pa wenye hela na waliosoma. Kumbe kuingia ni bure. Tangu 2001 makumbusho ya taifa huku hayatozi kiingilio, ukiacha maonyesho maalumu. Ninyi mnaojiandaa kuja, lishikeni hilo. Utalipa nauli ya basi tu, na kwa pesa hiyo Tabora mjini unazunguka na bodaboda na mihogo unakula. Siku ya mapumziko wakati wa baridi, pa kukaa penye joto bila kudaiwa ni pachache mno.

Ila sikurudi kwa ajili ya joto. Mama mmoja anayeongoza wageni alitusimamisha mbele ya picha ya kiti. Kiti cha mbao tu, pa kukalia pamesukwa majani, juu yake kuna kiko na tumbaku. Hakutaja mwaka wala mchoraji. Aliuliza, "Kwenu mnakalia nini?" akanitazama mimi. Nikamweleza kigoda cha Baba cha mninga, kilivyong'aa kwa kukaliwa, na bani la kukaushia tumbaku ambalo moshi wake haukutoka kamwe kwenye sare zangu za shule. Wageni wote wakanyamaza wakinisikiliza. Ndipo akasema: Van Gogh, 1888, mji wa Arles, Ufaransa.

Nikakumbuka ziara ya darasa la tano kwenye makumbusho ya misafara ya zamani, kwetu hukohuko. Tulipangwa mstari, usiguse, usiulize, maandishi Kiingereza kitupu. Mizigo ya misafara ile walibeba Wanyamwezi, na nusu ya darasa tulikuwa wajukuu na vitukuu wao. Hakuna aliyetuuliza nyumbani tumesikia nini. Wazee waliojua walikuwa hai, wamekaa barazani, hawakuitwa. Hilo sijalisamehe mpaka leo. Lingegharimu nini? Benchi moja, mzee mmoja, na kibao cha Kiswahili.

Ile picha niliituma kwenye simu ya dada amwonyeshe Baba. Jioni akapiga.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu mwenye kiti alikuwa mpweke."

"Umejuaje, Baba?"

"Tazama sanduku la nyuma. Vitunguu vimeota. Nyumba wanamopika, vitunguu haviachwi mpaka viote."

Nilisimama pale karibu nusu saa, macho yangu yote kwenye tumbaku. Vitunguu sikuviona. Baba hajawahi kukanyaga jumba la sanaa maishani mwake.

Nikamweleza kwamba Van Gogh alimkaribisha rafiki yake, Gauguin, nyumba ileile, akamchorea naye kiti chake. Rafiki akaondoka kabla mwaka haujaisha.

"Na hicho cha mgeni kipo hapohapo?"

"Hapana Baba. Kipo Amsterdam, Uholanzi."

Akakaa kimya, nasikia kuku wa dada nyuma yake.

"Viti vya nyumba moja," akasema.