Kata ya Maji na Chakula cha Mama

Wapendwa katika Bwana,

Sura ya 7 ya Injili ya Marko inaanza na mikono. Mafarisayo wanawaona wanafunzi wakila bila kunawa, wanahoji, na Yesu, badala ya kujibu habari ya maji, anawageuzia habari ya wazazi: yuko mtu anayeitangaza mali yake kuwa Korbani, yaani wakfu, ili asiwajibike tena kumsaidia babaye wala mamaye. Kwa miaka mingi nilidhani mambo hayo mawili yamekaa jirani kwa bahati tu. Niliyasoma upya wiki hii baada ya kusoma habari za Mashariki ya Mbali, ambako ziko njia mbili kongwe za kicho, moja iliyosimama juu ya maji na nyingine iliyosimama juu ya wazazi.

Anayekwenda kuabudu katika hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Japani, hupita chini ya lango lisilo na mlango, kisha hufika kwenye hodhi la maji. Huishika kata kwa mkono wa kulia na kunawa wa kushoto, huihamishia kushoto na kunawa wa kulia, humimina maji kidogo kiganjani asukutue kinywa bila kata kugusa midomo, hunawa tena mkono wa kushoto, na mwisho huisimamisha kata wima ili maji yaliyobaki yateremke na kuusafisha mpini kwa ajili ya atakayefuata. Ndipo husogea mbele, akainama mara mbili, akapiga makofi mawili, akainama tena mara moja. Jirani zetu Waislamu wanaotawadha kabla ya swala wasingeona ajabu yoyote hapo, wala Mkatoliki anayechovya kidole katika maji ya baraka mlangoni.

Shinto haina mwanzilishi wala kitabu cha amri. Maandiko yake ya kale, Kojiki la mwaka 712 na Nihon Shoki la mwaka 720, husimulia asili ya kami, ambao ni nafsi na nguvu takatifu zinazoheshimiwa katika jua, mlima, mto au mti mkongwe. Humo Izanagi anarudi kutoka kuzimu alikokwenda kumfuata mkewe aliyekufa, anaoga mtoni ili ajiondolee uchafu wa mauti, na anapoosha jicho lake la kushoto anazaliwa Amaterasu, mungu wa jua. Basi shida kubwa ya mwanadamu, kwa masimulizi hayo, si kumwasi Muumba bali ni unajisi unaomganda, na hakuna unajisi unaouzidi ule wa kifo. Ndiyo maana mtu akifariki, madhabahu ndogo ya kami nyumbani hufunikwa kwa karatasi nyeupe, na mazishi, kwa sehemu kubwa, huachiwa makasisi wa Kibudha. Hata hekalu kuu la Ise haliachwi lizeeke: hujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013.

Confucius, mwalimu aliyeishi China kati ya mwaka 551 na 479 kabla ya Kristo, anasimama upande mwingine kabisa. Hakudai ufunuo, na alipoulizwa jinsi ya kuzitumikia roho, alirudisha swali: asiyeweza bado kuwatumikia watu, atazitumikiaje roho? Lakini kifo hakukikimbia. Mwanafunzi wake Zai Wo alipolalamika kwamba miaka mitatu ya kumwombolezea mzazi ni mingi na kwamba mmoja ungetosha, mwalimu alisema kwamba mtoto huchukua miaka mitatu kabla ya kutoka mikononi mwa wazazi wake. Sisi tuliozoea kuondoa matanga baada ya siku chache hatujawahi kuipiga hesabu hiyo ya deni. Pale ambapo nyumba ya Kishinto hufunika madhabahu, nyumba iliyolelewa na Confucius huvaa nguo za msiba na kuandaa sadaka mbele ya kibao chenye jina la marehemu. Tofauti hiyo naiona nzito kuliko hesabu ya miungu.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kusema kwamba Shinto ni maji matupu, kwa kuwa nayo hudai unyofu wa moyo, au kwamba Confucius alidharau ibada. Yeye aliipenda mno, ila aliuliza kama ibada ni vito na hariri tu.

Tena njia hizi mbili zilikutana, na zilipokutana muumini mmoja alijikuta njia panda. Mwaka 1890 mfalme wa Japani alitoa tamko la elimu lililowaagiza raia wawatii wazazi wao, kama Confucius alivyofundisha, na papo hapo wajitoe kukilinda kiti cha enzi ambacho Shinto ilikihesabu kuwa cha uzao wa Amaterasu. Heshima ya baba ikafanywa ngazi ya kupandia kwenye enzi. Januari 1891 Uchimura Kanzō, mwalimu Mkristo huko Tokyo, hakuinama kwa kina kilichotakiwa mbele ya nakala yenye saini ya mfalme. Akaitwa msaliti, na kazi ikamtoka. Nami naiona Korbani hapo, wajibu wa nyumbani ukinyakuliwa kwa jina la kitu kitakatifu.

Ila lililonichoma zaidi ni neno dogo la Confucius kwamba watu wa siku zake walidhani kumheshimu mzazi ni kumlisha, ilhali hata mbwa na farasi hulishwa. Pasipo kicho, tofauti ni ipi? Mimi humtumia mama fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi, na siku hiyohiyo hutoa sadaka yangu kanisani, nikiwa nimenawa na kuvaa vizuri. Nilipozirudia jumbe zetu za mwaka mzima, nilikuta ninaandika kila mara, "Umepata?" naye kila mara anajibu, "Nimepata, mwanangu. Hujambo?" Swali lake hilo, miezi yote kumi na miwili, sikulijibu.