Kengele ilipigwa Jumamosi, kazi ilianza Aprili: tulivyokabidhiana uongozi wa klabu yetu Kigoma

Ushauri wa kwanza tuliopewa, tena na mtu anayejisifu kwa kusimamia sherehe za mjini, ulikuwa huu: tafuteni ukumbi, mshereheshaji na keki, mengine yatajipanga. Hayakujipanga. Keki hatukununua na hakuna aliyeiulizia. Kilichotula miezi miwili na zaidi ni fomu ya benki, laini moja ya simu na daftari la mali. Sherehe yenyewe ya kukabidhiana, ukitoa chakula, ilikuwa dakika arobaini.

Klabu yetu ni ndogo, ya kujitolea, na mwaka wetu unaanza 1 Julai kama ilivyo kwa Rotary na Lions, klabu za kujitolea za kimataifa. Tarehe hiyo ina faida yake hapa kwetu, maana mwaka wa fedha wa serikali nao unaanza siku hiyo hiyo. Rais mpya wa klabu akienda halmashauri kuomba ushirikiano anakuta nao wanafungua vitabu vipya. Kwa wenzetu wa Rotary kuna jambo la ziada: ankara ya ada inahesabu wanachama waliopo 1 Julai na tena 1 Januari. Aliyehamia Dodoma tangu Machi akiachwa kwenye orodha, klabu inamlipia. Kwa hiyo orodha isafishwe kabla Juni haijaisha, na isafishwe na uongozi unaotoka, kwa sababu ndio unaojua nani kahama na nani kanuna tu.

Sasa benki. Benki haijui kwamba kuna rais mpya. Inajua majina yaliyo kwenye fomu ya watia saini, na hao ndio wanaotoa hela, hata kama mmoja wao hajakanyaga kikao kwa miaka mitatu. Klabu nyingi hukabidhiana Juni kwa vigelegele, kisha Julai na Agosti rais mpya anamfukuzia rais mstaafu ili amsainie hundi ya kununua saruji mifuko kumi. Tuliwahi kuishi hivyo, ndiyo maana safari hii tuliandika muhtasari wiki moja baada ya Idi, mwezi Aprili. Vilivyotakiwa ni katiba, cheti cha usajili, muhtasari wa mkutano wenye muhuri, barua ya maombi, vitambulisho vya taifa vya watia saini wapya na picha zao ndogo. Ukivisoma hivyo unaona kazi ya asubuhi moja. Jalada letu lilirudishwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni jina. Muhtasari uliandika Hadija, kitambulisho kinasema Khadija. Dada wa dirishani alimwambia mweka hazina kwa upole kabisa, "Mama, huyu wa kwenye muhtasari na huyu wa kwenye kitambulisho, benki inaona ni watu wawili." Kuongeza K kwa kalamu hakukubaliki, muhtasari unaandikwa upya, unasainiwa upya, unagongwa muhuri upya. Basi kabla ya kuandika chochote, weka vitambulisho mezani na unakili herufi kwa herufi, majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule.

Mara ya pili ni maneno. Tuliandika kwamba "viongozi wapya watakuwa watia saini". Wepi? Wa akaunti ipi? Wangapi watoshe kwa hundi moja? Na wa zamani je? Azimio lililokubaliwa na benki lilikuwa na mambo manne ndani ya sentensi moja: kwamba kuanzia 1 Julai 2024 watia saini wa akaunti namba fulani ni fulani, fulani na fulani, kwamba saini za wawili kati yao zinatosha, na kwamba wawili waliotajwa kwa majina wanaondolewa. Acha hata moja kati ya hayo manne, utarudishwa.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa tamu. Barua ya kuwaondoa watia saini wa zamani ilitakiwa isainiwe na hao hao wa zamani, na saini ilingane na ile waliyoiacha benki walipofungua fomu mwaka 2017. Mmoja alishahamia Mpanda. Barua ikaenda kwa basi, ikarudi kwa basi, saini safi kabisa, isipokuwa haikufanana na ya 2017. Enzi hizo alikuwa anasaini kwa mkia mrefu unaozunguka na kurudi chini ya jina. Sasa anakwaruza herufi mbili. Benki haikuonyeshi saini iliyo kwenye fomu yao, na ina haki. Ujanja ulikuwa kwenye kabati letu wenyewe: jalada la mweka hazina lilikuwa na vivuli vya hundi za zamani, na kivuli kimoja cha 2018 kilikuwa na mkia wote. Tukakipiga picha, tukaituma kwa WhatsApp, tukamwambia, saini kama wewe mwenyewe ulivyosaini hapa. Alifanya mazoezi kwenye gazeti mpaka mkono ukakumbuka, kisha akasaini nakala nne kwa mkupuo, ili moja ikiharibika tusimsumbue tena. Fomu ikakubaliwa 19 Juni.

Tunza vivuli vya hundi. Na usiwaondoe wote mara moja: tulimwacha mweka hazina mstaafu awe mtia saini wa tatu hadi mwisho wa Septemba. Wapya wawili wakiwepo, yeye hahitajiki. Mmoja akisafiri au akiugua, yeye ni daraja.

Laini ya simu ilikuwa fupi zaidi ila hatari zaidi. Michango ya wanachama tulikuwa tunapokea kwa namba iliyosajiliwa kwa alama za vidole vya mweka hazina wa miaka ya nyuma. Siku akipoteza simu, au siku Mungu akimchukua, hela iko kwenye namba yake na klabu haina la kusema. Kumpa kiongozi mpya laini hiyo na namba ya siri si kukabidhiana, ni kuhamisha tatizo. Tulihamisha salio lote benki, tukasajili laini mpya kwa jina la klabu kama taasisi, kwa cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na barua yenye muhuri, kisha ya zamani ikafungwa. Mwezi mzima tulitangaza namba mpya kila kikao, na bado watu wawili walituma kwenye ya zamani. Kundi la WhatsApp nalo lina wasimamizi wake. Mpe usimamizi kiongozi mpya kabla hujajitoa mwenyewe.

Daftari la mali usilikabidhi ukumbini. Tulitembea nalo. Viti vya plastiki vilivyoandikwa 60 vilikuwa 51, saba vipo kwa mwanachama aliyefiwa Februari, viwili vilivunjika. Mashine ya kupimia presha ipo, mkanda wake unavuja. Kisima cha pampu ya mkono tulichochimba shuleni tulikwenda marais wote wawili pamoja na mwalimu mkuu, tukapiga pampu tukihesabu: maji yakichelewa kutoka mpaka mpini wa kumi na zaidi asubuhi, wakati jioni yalikuwa yanatoka vizuri, basi bomba au vali ya chini inavujisha usiku. Yetu ilitoka mpini wa kumi na nne. Hilo likaandikwa kwenye daftari kama deni la kazi, likasainiwa na anayetoka na anayeingia. Asiseme mtu Desemba kwamba uongozi mpya ndio ulioua kisima.

Chakula. Kamati ilipanga Machi kwamba tutakula migebuka, kila meza na sahani yake, kama inavyostahili Kigoma. Hakuna aliyeangalia kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa mara ya kwanza, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Sherehe yetu ni 29 Juni. Aliyeokoa jahazi ni mama mmoja wa kamati anayeuza dagaa: alisema tununue wakavu mapema, na tununue wiki ya giza. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawafuati taa, hawapatikani wengi na bei inapanda. Mwezi ulikuwa mwandamo karibu 8 Mei, akaenda mwaloni, wanakoshushia samaki, siku hizo hizo, akarudi na kilo tano.

Alivyochagua ni somo. Alichukua dagaa mmoja akamvunja kati; akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji ndani na ataota ukungu. Kisha akamng'ata mwingine. Meno yakisaga, wameanikwa chini kwenye mchanga. Wa kwenye vichanja hawana mchanga, na ndio aliowataka hata kama bei ilizidi kidogo. Wiki saba walikaa ndani ya kiroba kinachopitisha hewa, juu ya mbao, wakianikwa nusu saa kila Jumapili. Kwa watu 80 tulipika kilo nne, maji ya moto dakika tano, kuchuja, kisha mawese lita tatu, vitunguu na nyanya. Wali kilo 12, ugali wa muhogo wa wanaoupenda, na kuku wa kienyeji 14 waliokatwa vipande sita sita. Bajeti ya chakula ilikuwa laki tano na kitu. Kilichoizidisha ni mkaa.

Uwanja tuliochagua unatazama ziwa, mandhari nzuri, upepo mbaya. Asubuhi kumetulia, jua likipanda upepo wa ziwani unaingia, na saa nane mchana turubai linataka kupaa. Mambo za chuma hazikuingia ardhini, Juni udongo ni kama tofali. Tulitumia madumu ya maji: dumu la lita 20 ni kilo 20, manne kwa kila nguzo, nguzo sita, jumla madumu 24. Kamba inapita kwenye vipini vyote vinne kwa pamoja. Ukifunga dumu moja moja, upepo unaling'oa moja, yanafuata mengine. Kosa letu halikuwa la kamba. Wapishi waliona maji mengi yamekaa bure, wakachukua madumu matatu ya nguzo ya nyuma wakaoshea mchele. Hotuba ya pili, nguzo ikanyanyuka sentimita thelathini na kutua, wazee wa mstari wa nyuma wakahama bila kuambiwa. Andika kwa chaki kwenye kila dumu: LA TURUBAI.

Umeme ulikatika saa tano. Jenereta ya kVA 5 inabeba kama kilowati 4. Spika, vipaza sauti na taa vilikuwa ndani ya hapo, mpaka mtu akachomeka pipa la chai la kilowati 3. Chai ikahamia kwenye mkaa, na ndiyo maana nimesema mkaa ndio uliozidisha bajeti.

Mgeni rasmi tulimwandikia wiki tatu kabla, tukiambatanisha ratiba na mambo ya kutumia kwenye hotuba. Alituma mwakilishi, jambo la kawaida, na ngao tuliyomwandalia ilikuwa imechongwa jina la ofisi badala ya jina la mtu, kwa hiyo hatukuaibika. Kuhusu itifaki tulikubaliana hivi: mshereheshaji anawataja wakubwa wote mara moja mwanzoni, na kila msemaji baada yake anasema "itifaki imezingatiwa" anaingia kwenye hoja. Hapo peke yake tuliokoa kama nusu saa. Wajumbe wa kamati mpya walisimama pale pale walipokaa, bila kupangwa mstari mbele.

Tendo lenyewe lifanyiwe mazoezi siku moja kabla, hasa mkufu wa rais, ile alama ya cheo. Rais wetu mpya anavaa mtandio, na kishikizo cha nyuma kilikuwa kinanasa kitambaa. Tuliupitisha mkufu juu ya mtandio na kuubana mabegani kwa pini mbili zilizofichwa. Anayetoka anauvua mwenyewe na kumvalisha mwenzake mwenyewe, mshereheshaji asishike kitu. Kengele ya klabu ilikuwa na ufa, sauti yake kama sufuria, tukaazima rimu ya gari ya shuleni na kuitundika kwa waya. Isiguse meza, ikigusa sauti inakufa. Anayetoka aligonga mara ya mwisho, akakabidhi nati kubwa tuliyotumia kama nyundo, rais mpya akagonga mara moja. Ilisikika mpaka barabarani.

Hundi ya kwanza ya uongozi mpya iliandikwa Jumatatu, 1 Julai, ya kulipia viti na maturubai. Dada wa dirishani aliangalia saini mbili, akaangalia kompyuta, akaanza kuhesabu hela.